Maisha ya Bibi Caroline Thackeray, Mlezi wa Mabinti wa Mbweni

Sisi tukaao Ipuli, karibu na mji wa Tabora, twaijua njia ya kale ya misafara kwa masimulizi ya wazee. Katika karne ya 19 misafara ilikusanyika Unyanyembe, ikitoka Ujiji na Manyema, Karagwe na Buganda, ikachukua pembe za ndovu, ikashika njia ya pwani mwendo wa miezi mitatu hivi hata kufika Bagamoyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa ujira, waliokwenda na kurudi kwao. Lakini pamoja nao walikwenda wengine waliofungwa minyororo, nao hawakurudi. Kati ya hao walikuwako watoto wa kike wengi, wengine wakiwa wadogo hata wasiweze kutaja jina la kijiji chao. Habari za kuondoka kwao zasimuliwa mara nyingi. Habari za mahali walipofika zasimuliwa mara chache. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha jubilei tumeona vema kuandika habari za mama mmoja wa Kiingereza, aliyewapokea watoto wa namna hiyo huko Unguja, akakaa nao karibu miaka 50. Jina lake ni Caroline Thackeray.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi nyumba yake ilivyoanza. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, ambayo watu huiita U.M.C.A., alihamia Unguja pamoja na Daktari Edward Steere. Mwaka ule ule Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao walikuwa wanafunzi wa kwanza wa Misheni ile, na mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baada ya wavulana wakaja wasichana. Wavulana wakawa na chuo chao Kiungani, nje ya mji. Mwaka 1871 Misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini mwa mji, juu ya bahari, na hapo ikajengwa shule ya wasichana ikaitwa Mtakatifu Maria. Kando yake kikaanzishwa kijiji cha watu wazima walioachwa huru, kila mmoja na kibanda chake na kipande cha ardhi cha kulima.

Hata tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash aliweka sahihi mkataba na Waingereza, kwamba soko la watumwa la Unguja lifungwe na watumwa wasipakiwe tena baharini. Katika mahali pa soko lile, Mkunazini, Steere alijenga kanisa kuu. Lakini mkataba haukumaliza biashara. Majahazi yalipita usiku, na manowari za Waingereza zikayafukuza; toka mwaka 1874 manowari iitwayo London ilitia nanga bandarini Unguja miaka 10, na mashua zake zikizunguka huku na huku. Jahazi lilipokamatwa, watu waliokuwamo walikuwa huru. Lakini huru waende wapi? Mtu mzima aliweza kupewa jembe. Mtoto wa kike wa miaka saba, asiye na baba wala mama wala mjomba, uhuru wake ulikuwa neno tupu mpaka apatikane mtu wa kumpokea. Basi Misheni ziligawana watoto hao: wengine walipelekwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo, wengine Freretown karibu na Mombasa, wengine Mbweni. Hata huku kwetu Kipalapala, katika miaka ya 1880, Mapadre Weupe walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa.

Bibi Thackeray alifika Unguja mwaka 1877, akiwa mwanamke wa miaka 30 na zaidi. Alikuwa wa jamaa moja na William Makepeace Thackeray, yule mwandishi mashuhuri wa hadithi wa Uingereza, naye angaliweza kukaa kwao katika raha pamoja na watu wa elimu. Misheni ile haikuwalipa watumishi wake mshahara. Walipewa chakula na mahali pa kulala. Akapewa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Mbweni, akaishika kazi ile miaka 25, hata mwaka 1902.

Twapenda sasa kuwaonyesha wasomaji jinsi siku ya nyumba ile ilivyokwenda, maana maisha ya mama huyu hayana vita wala safari kubwa. Alifanya mambo yale yale kila siku, miaka 25, na maisha yake yamo humo.

Alfajiri kengele ililia. Wasichana waliamka, wakakunja mikeka, wakanawa, wakaenda kusali. Kisha kila mmoja alishika kazi yake: huyu afagia ua, huyu achota maji, huyu atafuta kuni, huyu awaosha wadogo na kuwatazama vidonda. Hakuna aliyekaa bure, wala hakuna aliyepewa kazi inayopita nguvu zake. Baada ya chakula cha asubuhi waliingia darasani, wakajifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na mafundisho ya dini. Wakubwa waliojua waliwafundisha wadogo wasiojua, na kwa njia hiyo shule ilipata walimu kutoka ndani yake yenyewe. Mchana walipika, wakala pamoja. Baada ya jua kali kupungua walishona nguo zao, wakasuka mikeka, wakafua, wakatwanga, wakalima. Jioni walicheza na kuimba uani, wakasali tena, wakalala.

Mtu atasema, mambo haya ni madogo, kila nyumba yayafanya. Ni kweli. Lakini tufikiri kidogo juu ya watoto waliofanyiwa. Mtoto aliyeuzwa mara mbili au tatu njiani amejifunza ya kuwa siku haina mpango. Leo alala kwa huyu, kesho aamshwa akapewe mwingine. Leo ala, kesho hali. Rafiki aliyemshika mkono jana, leo hayupo, wala hakuna amwambiaye alikokwenda. Mtoto kama huyo akipewa chakula huficha nusu yake, na akiitwa jina lake usiku hushtuka. Kumwambia kwamba sasa yu salama hakumfai neno, maana maneno matamu aliyasikia hata kwa wale waliomwiba. Lakini kengele ikilia leo, na kesho, na kesho kutwa, saa ile ile. Na chungu kikiwekwa jikoni kila siku. Na mtu yule yule akija na taa usiku kuhesabu waliolala, na hesabu ikawa sawa na ya jana. Basi polepole moyo wa mtoto waanza kusadiki. Kwa hiyo utaratibu ule ulikuwa dawa kabla ya kuwa sheria.

Tena tukumbuke ya kuwa wasichana wale hawakuwa wa kabila moja. Wengi walitoka upande wa Nyasa na Kilwa, Wayao na Wamakua na Wanyasa, na wengine nchi nyingine za bara. Mara nyingi waliokuja pamoja katika jahazi moja hawakuweza kusemezana. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Daktari Steere, aliyekuwa Askofu toka 1874 hata alipokufa mwaka 1882, alishikilia sana kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya nchi, naye mwenyewe alitunga kitabu cha kuieleza lugha hii na kupiga chapa vitabu vya kusomea. Alitaka pia wasilelewe kama Wazungu, wasije wakashindwa kukaa na watu wao baadaye. Kwa hiyo katika Mbweni walikaa kwa desturi za nchi, walilala na kula na kupika kama wanawake wengine wa pwani.

Wengi walipobatizwa walipewa majina mapya, Kate, Agnes, Lucy, Margaret, na katika Uingereza walikuwako watu waliotoa fedha kwa ajili ya mtoto fulani kwa jina lake. Jambo hili lilileta msaada mwingi; lakini twaona pia uzito wake. Mtoto aliyepoteza baba, mama, kijiji na lugha, akapoteza na jina. Heri wale walioshika jina la kwanza pamoja na la pili, maana jina ni kamba ya mwisho imfungayo mtu na ukoo wake.

Nyumba ile haikukosa matata. Wengine walifika wagonjwa sana, wakafa kabla ya kujua kusoma herufi moja. Wengine waliona sheria ni nyingi mno, na ua ni mwembamba mno, wakatoroka mjini. Wengine walifanya makosa, wakaadhibiwa, na adhabu za siku zile zilikuwa kali kuliko tupendavyo sisi leo. Na nje ya ua watu wengi wa Unguja hawakuwaona kuwa huru kweli. Waliwahesabu kama watumwa waliohama kwa bwana mmoja na kwenda kwa bwana mwingine. Neno hilo liliwauma, nalo halikuwa bure kabisa, maana Misheni iliwachagulia mambo mengi: kazi, mahali pa kukaa, na mara nyingi hata mume. Kumtoa mtoto katika minyororo ni kazi ya siku moja. Kumlea hata aweze kujichagulia mwenyewe ni kazi ya miaka, na walezi wa Mbweni hawakuimaliza yote.

Palikuwa tena na shauri gumu juu ya elimu. Wako wasichana walioshika kitabu upesi, wakafaa kuwa walimu. Wako wengine waliokuja wakiwa wakubwa, au ambao taabu ya njiani ilikuwa imewachosha akili, nao walilia mbele ya ubao. Hao walitengewa sehemu yao ya kazi za mikono, wakafundishwa kupika, kufua, kulima na kusuka, wapate riziki yao kwa heshima. Jambo hili lilikuwa jema kwa kuwa hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya uzito wa kichwa. Lakini lilikuwa na hatari yake, maana mtoto akiisha kutiwa katika fungu la wasiojua, ni vigumu kutoka. Walimu wanaosoma habari hizi wanajua ya kuwa shauri hili lingali mbele yetu katika kila darasa.

Na mwisho wa malezi yale ulikuwa nini? Wasichana wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, waliokuwa wakifundishwa ualimu na upadre. Mmoja wa vijana hao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao, aliyeuzwa utotoni akaachwa huru Unguja. Mkewe, Lucy, alilelewa Mbweni. Mwaka 1886 Majaliwa alifanywa shemasi, wakaondoka Unguja kwenda Chitangali, upande wa mto Ruvuma. Na mwaka 1890 akapewa upadre, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupata daraja hiyo.

Tusiipite safari hiyo kama neno dogo. Mwaka 1876 Askofu Steere alikuwa amewapeleka watu huru wa Mbweni bara, akawaweka Masasi. Mwaka 1882 kijiji kile kilishambuliwa na Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara; nyumba zikateketezwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kutolewa utumwani mara moja wakafungwa tena. Habari hii ilijulikana sana Mbweni. Basi msichana aliyekubali kumfuata mumewe bara alijua wazi anarudi katika nchi ile ile alikonyang'anywa, njia ile ile, na kwamba huko hakuna kengele, wala ua, wala manowari baharini. Hata hivyo walikwenda. Walifika wakafungua shule ndogo chini ya miti, wakafundisha wake na watoto, wakatunza wagonjwa. Katika sehemu za Bonde, Masasi na Ruvuma, wengi wa wanawake wa kwanza waliojua kusoma walikuwa mabinti wa Mbweni, au wanafunzi wao.

Hapo ndipo twaona kazi ya Bibi Thackeray kwa ukubwa wake. Yeye mwenyewe hakwenda bara kukaa. Alibaki Mbweni, akaanza upya kila mara jahazi lilipokamatwa: watoto wengine wachafu na wenye njaa, lugha nyingine, vidonda vingine, na kengele ile ile. Mwalimu ajua ugumu wa jambo hili. Kumfundisha mtoto wa kwanza kuna furaha ya kitu kipya. Lakini kufundisha herufi zile zile mwaka wa 10, na wa 20, bila kuchoka na bila kumwonyesha mtoto kwamba umechoka, ni karama ya watu wachache.

Siku zikabadilika. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1897 sheria ya utumwa ikafutwa katika visiwa, ingawa masuria hawakuwekwa huru mpaka mwaka 1909. Huku kwetu Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Majahazi ya watumwa yakapungua, na madawati ya Mbweni yakajaa watoto wa Wakristo, na wengine wao ni watoto wa wale wasichana wa kwanza. Mwaka 1902 Bibi Thackeray aliacha kazi ya mwalimu mkuu. Wazungu wengi wakimaliza kazi hurudi kwao. Yeye hakurudi. Alikaa papo hapo Mbweni, jirani na watu aliowalea, akaona wajukuu wa wanafunzi wake. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha chama cha masista, Shirika la Mateso Matakatifu, nao wakashika kazi nyingi za namna ile alizozifanya yeye kwanza.

Bibi Thackeray alikufa mwaka 1926, akiwa mzee wa miaka 80 na zaidi, akazikwa Mbweni katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana. Kanisa hilo lingalipo. Shule ya Mtakatifu Maria imekuwa magofu. Dari zimeanguka, na miti imeota ndani ya kuta. Msafiri afikaye leo aweza kuona matao na madirisha ya madarasa, na bahari chini yake, ile ile iliyoleta majahazi.

Sasa twawaambia nini wasomaji wetu wa parokia na walimu? Hatari ya watoto wa kike haikwisha pamoja na minyororo. Wako wasichana ambao wazazi wamekufa. Wako waozwao wakiwa wadogo kwa ajili ya ng'ombe au fedha. Wako waletwao mijini kufanya kazi za nyumbani, wakatumikishwa pasipo ujira, wakapigwa, na wakikimbia hawana pa kukimbilia. Mtoto kama huyo akibisha hodi mlangoni petu, kwanza twapenda kumhurumia na kumpa chakula cha siku moja. Ni vema, lakini haitoshi. Yampasa apate nyumba yenye saa zake, mahali pake pa kulala pasipochukuliwa na mwingine, kazi ya kiasi, kitabu, na mtu mzima mmoja atakayekuwapo kesho. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi kama yahitajivyo uvumilivu.

Na walio walezi katika nyumba za namna hiyo, wasivunjike moyo wakiona siku zao zafanana, asubuhi maji na kuni, jioni sala na taa. Wawaulize watoto majina yao ya kwanza na kuyaandika, wawatafutie jamaa zao wakiwapo, wawaache wakubwa wajichagulie njia yao. Katika hayo wawapite walezi wa Mbweni. Lakini katika kukaa bila kuondoka, wamfuate Bibi Thackeray. Mungu amrehemu, yeye pamoja na mabinti wake wote, waliojulikana makaburi yao na wasiojulikana.